Kupanga au kununua nyumba Dar es Salaam: kalamu kwanza, dalali baadaye

"Kodi ni hela ya kutupa." Sentensi hii imewanunulisha watu wengi nyumba ambazo hawakupaswa kuzinunua. Ina ukweli wake, ila inanyamazia mengi. Riba ya benki nayo ni hela isiyorudi. Milioni 100 zilizozama kwenye matofali zingeweza kuwa zinazaa kwingine. Na nyumba yenye karatasi mbovu inaweza kupotea yote kwa hukumu moja au kwa tingatinga moja, wakati mpangaji aliyekosea mtaa hupoteza kodi ya miezi michache tu.

Kuna maswali matatu, nayo yana mpangilio wake: hesabu inasemaje, utakaa miaka mingapi, na je, karatasi zinasimama? Moja likijibika vibaya, endelea kupanga bila aibu.

Hesabu ya nyumba ile ile

Watu hulinganisha vitu viwili visivyofanana: kodi ya chumba na sebule Sinza na bei ya nyumba ya vyumba vitatu Chanika. Linganisha nyumba inayouzwa na kodi ya nyumba kama hiyo katika mtaa huo huo. Kodi waulize wapangaji wa jirani. Usimuulize dalali anayeiuza, maana yeye anataka bei ionekane ndogo, kwa hiyo kodi ataitaja kubwa.

Tuseme nyumba ya vyumba vitatu Kinyerezi, kimoja masta, inauzwa milioni 100, na ya aina hiyo hapo hapo inapangishwa laki 5 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 6. Gawanya bei kwa kodi ya mwaka: unapata karibu 17, yaani kodi ya miaka 17 ndiyo bei ya nyumba. Kwa riba zilizopo nchini, namba ikiwa chini ya 12 kununua kunaanza kuvutia. Ikipita 20, mwenye nyumba anayekupangishia anakubebea mzigo, na ni vyema umwache aendelee kuubeba.

Mwenye fedha taslimu afanye hesabu hivi. Bei milioni 100, ongeza milioni 5 za gharama za uhamisho, jumla 105. Fedha hizo zikiwekwa kwenye hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba) au mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na tukichukulia zinazaa asilimia 12, ni milioni 12.6 kwa mwaka. Toa kodi ya milioni 6 ambayo ungelipa kama mpangaji, zinabaki 6.6. Ongeza milioni 1 ambayo mwenye nyumba huitumia kwa matengenezo (asilimia 1 ya bei kwa mwaka ni makadirio ya kawaida, na nyumba ya miaka 20 hula zaidi). Inakuwa 7.6. Maana yake nyumba hiyo lazima ipande thamani kwa asilimia 7.6 kila mwaka ndipo uwe sawa na mwenzako aliyepanga na kuwekeza.

Itapanda? Hapo ndipo penye jambo ambalo madalali hawalisemi: kinachopanda ni ardhi. Jengo linazeeka, bati linapauka, mabomba yanaoza. Kwa hiyo uliza viwanja vitupu vya jirani vinauzwa kiasi gani kwa mita ya mraba, uzidishe kwa ukubwa wa kiwanja cha nyumba hiyo. Ikiwa katika milioni 100 kiwanja ni milioni 60, umenunua kitu chenye nafasi ya kukua. Ikiwa kiwanja ni milioni 20 na zilizobaki ni marumaru, jipsamu na geti la kuvutia, umenunua kitu kinachochakaa.

Ni kweli kwamba kodi hupanda na hatifungani hazikulazi ndani. Hesabu hii pia inadhani mpangaji anaiweka kweli ile fedha. Kama unajijua kuwa hela ikikaa benki haipiti harusi tatu, basi nyumba ni kibubu kizuri, na ni haki kuihesabia thamani hiyo.

Ukikopa

Mikopo ya nyumba nchini kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19, ingawa wapo wanaopata pungufu. Tuchukue 15. Mkopo wa milioni 80 kwa miaka 15 una rejesho la karibu 1,120,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, milioni 1 katika hizo ni riba tupu, na deni linapungua kwa laki 1 na elfu 20 tu. Riba peke yake ni mara mbili ya kodi ya nyumba ile ile. Aliyekimbia "hela ya kutupa" sasa anatupa maradufu, tofauti ni kwamba anaitupia benki.

Kurefusha muda hakusaidii sana. Ukivuta hadi miaka 20, rejesho linashuka kwa elfu 66 tu, lakini jumla ya malipo inapanda kutoka karibu milioni 201 hadi karibu milioni 253. Ukibana hadi miaka 10, unalipa karibu 1,291,000 kwa mwezi na jumla milioni 155. Dawa ya mkopo wa nyumba ni kuanza na fedha nyingi mkononi. Mwenye milioni 50 anaweza kutoa 45 kwenye bei na 5 kwenye gharama, akakopa 55. Rejesho lake kwa miaka 15 ni karibu laki 7 na elfu 70, mara moja na nusu ya kodi. Hapo mkopo unaanza kuingia akilini. Ukiona rejesho linazidi kodi mara mbili, panga na uendelee kukusanya.

Ukienda benki, uliza riba inakokotolewa wapi: kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wa mwanzo hadi mwisho? Asilimia 10 inayokokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo kwa miaka 15 inakufikisha karibu pale pale na asilimia 15 ya salio linalopungua. Namba ndogo kwenye bango si lazima iwe mkopo nafuu. Uliza pia bima ya maisha ya mkopaji, bima ya jengo, ada ya kuandaa mkopo, na faini ya kulipa deni mapema. Ukikopa kwa utaratibu wa Kiislamu, ambapo benki hununua kisha ikakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa, linganisha jumla ya mwisho, kwa sababu jina la mkataba halibadilishi kujumlisha.

Na rejesho lisizidi theluthi ya kipato chako cha mkononi. Kwa 1,120,000 ni mtu anayepokea karibu milioni 3.4.

Miaka, na umbali

Kununua na kuuza kuna gharama za kuingia na kutoka. Ukiingia: ushuru wa stempu asilimia 1, ada za usajili, uthamini, wakili, tenga asilimia 5. Ukitoka: dalali, na kodi ya asilimia 10 ya faida uliyopata. Hapo weka risiti za kila ulichojenga au kukarabati, maana ndizo zinazothibitisha gharama za kutolewa kwenye faida hiyo. Kama kuna uwezekano wa kuhamishwa kikazi Dodoma au Mwanza ndani ya miaka mitano, gharama hizi zinameza kila kitu. Miaka saba kwenda juu, mazungumzo yanabadilika.

Umbali nao una bei yake. Nyumba ya bei nafuu ikiwa ndani ndani, hesabu bodaboda hadi barabara kuu na daladala mbili. Ikifika shilingi 4,000 kwenda na 4,000 kurudi, kwa siku 24 ni 192,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili mnaofanya kazi mjini, mnakaribia laki 4, na "unafuu" wa nyumba umeisha. Jaribu njia hiyo mwenyewe Jumatatu saa 12 asubuhi kabla ya kulipa chochote. Jumapili mchana kila mtaa uko karibu na Posta.

Njia ya tatu: kiwanja

Wakazi wengi wa Dar hawanunui nyumba iliyokamilika wala hawakopi benki. Wananunua kiwanja Bunju, Goba, Chamazi au Kigamboni, wakajenga kidogo kidogo huku wamepanga. Ni njia nzuri kwa mtu asiyependa deni, lakini ina ugonjwa wake: pagale. Ukijenga hadi linta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ukasimama miaka mitano, umefunga mamilioni mahali pasipolalika na kodi bado unalipa. Mvua zinashuka kwenye kuta zisizo na paa, nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na mbao za madirisha zinaondoka usiku.

Kanuni inayofanya kazi: usichimbe msingi mpaka uwe na fedha za kufikia bati. Kati ya msingi na paa usisimame. Baada ya kuezeka unaweza kupumzika, kisha ukamilishe chumba kimoja, choo na jiko, uhamie, na kodi uliyokuwa ukilipa iwe ndiyo saruji. Hapo kujenga kunaishinda kupanga haraka kuliko njia nyingine yoyote.

Kwa makadirio, nyumba ya vyumba vitatu ya mita za mraba 100 hivi hula tofali karibu 2,700 pamoja na msingi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 25 hadi 30 za inchi 6. Anayetoa 45 anakuuzia mchanga. Kwaruza tofali kwa msumari: likimomonyoka kama mkate mkavu, liache. Na juu ya msingi, kabla ya ukuta, lazima liwekwe karatasi la kuzuia unyevu. Fundi akiliruka, chumvi itapanda ukutani na rangi itabanduka kila mwaka.

Karatasi

Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hiyo usiwe na haraka. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na nguvu ya haki hiyo inategemea karatasi. Juu kabisa kuna hati, ya miaka 33, 66 au 99. Soma ilianza lini: hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 2000 inaisha 2033, na hilo lishushe bei. Inafuata barua ya toleo, ambayo ni hatua ya kuelekea hati. Leseni ya makazi hutolewa kwenye maeneo yasiyopimwa kwa muda mfupi na huhuishwa. Usiichukulie kama hati. Chini kabisa ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri huo unashuhudia kwamba mlikubaliana. Hauthibitishi kuwa aliyekuuzia alikuwa mwenye mali.

Ukiwa na nakala ya hati, nenda Ofisi ya Msajili wa Hati uombe upekuzi. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio la mtu anayedai. Fanya hivyo hata kama muuzaji ni jirani wa siku nyingi. Hati halisi mkononi mwake haitoshi, kwa sababu zuio linaweza kusajiliwa bila kuandikwa kwenye karatasi aliyoshika.

Kisha nenda idara ya mipango miji ya manispaa na namba ya kiwanja na kitalu. Tazama mchoro. Kiwanja ni cha makazi, au ni eneo la wazi, shule, njia ya maji? Nyumba zilizobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 kupisha Barabara ya Morogoro zilikuwa na watu walioishi humo miaka mingi, wengine wakiwa na makaratasi. Hifadhi ya barabara haijali tofali lako limegharimu kiasi gani. Ukiwa karibu na mto au bahari, kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa makazi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jirani ni sababu tosha ya kurudisha hela mfukoni.

Mlipe mpimaji aliyesajiliwa aje na kifaa atafute bikoni zote nne, yaani alama za mipaka kwenye kona za kiwanja. Mara nyingi ukuta wa uzio umeingia kwa jirani au barabarani, na ukinunua unanunua na ugomvi huo.

Halafu muuzaji mwenyewe. Kama ana mwenza, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza huyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Ridhaa iwe ya maandishi, na mwenye kuitoa awe amekaa mbele ya wakili. Usikubali kuambiwa "mama yuko safarini". Kama nyumba ni ya marehemu, taka barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake humpendekeza msimamizi tu. Mahakama ndiyo humteua. Na hata msimamizi halali, warithi wote walio watu wazima watie sahihi, kwa sababu kesi nyingi huletwa na mtoto mmoja aliyekuwa Mtwara siku ya mauzo.

Zungumza na majirani wawili na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja kivyake. Swali ni moja: kuna mtu mwingine aliwahi kuja kuangalia mipaka? Ofisi ya serikali ya mtaa ikikuomba asilimia ya bei kwa ajili ya kushuhudia, omba namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mara nyingi ombi hupungua au hupotea hapo hapo.

Malipo yapite benki, kwa jina lililo kwenye hati. Usilipe yote siku ya kusaini. Gawanya: sehemu ya kwanza mkataba ukisainiwa, kubwa zaidi muuzaji akishakabidhi hati halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa na uthibitisho wa kodi zake, na kipande cha mwisho, angalau asilimia 10, usajili ukikamilika kwa jina lako. Mkataba utaje wazi nani analipa kodi ya faida. Kisheria ni ya muuzaji, lakini uhamisho hausogei bila yeye kulipa, na wauzaji wengi hugundua hilo wakiwa wameshatumia fedha. Ndipo wanapokugeukia wewe.

Viwanja vya kampuni vinavyolipiwa kwa awamu: kabla ya awamu ya kwanza, taka mchoro wa mipango miji uliopitishwa wenye namba ya kiwanja chako. Picha ya droni na bango la mauzo havina namba ya kiwanja. Kwa apatimenti, uliza kama jengo limegawanywa kwa hati za sehemu chini ya sheria ya 2008, na ada ya huduma za pamoja ni kiasi gani. Lifti na jenereta haviendeshwi kwa dua.

Ukiamua kupanga, panga kwa akili

Kupanga kunagharimu fedha nyingi mwanzoni. Kodi ya miezi sita kwa laki 5 ni milioni 3, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, kuna hela ya kuonyeshwa nyumba, na gari la kuhamia. Usiingie bila milioni 4. Miezi sita ni desturi ya mjini, si amri, kwa hiyo omba mitatu. Mwenye nyumba iliyokaa wazi miezi miwili husikiliza.

Hakikisha anayepokea kodi ndiye mwenye nyumba. Utapeli wa kawaida ni mtu aliyepanga kuipangisha tena kwa watu wanne ndani ya wiki moja, kisha simu inazimwa. Mjumbe wa shina anamjua mwenye nyumba, kwa hiyo pita kwake, kisha lipa kwa benki au simu, jina lifanane.

Mkataba utaje kodi itapandishwa lini, notisi ni miezi mingapi kwa kila upande, na nani anatengeneza bomba, shimo la choo na bati. Uliza kama mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mkichangia, mwenye majokofu mawili na wewe unayepiga pasi jioni tu mtalipa sawa mpaka mgombane. Maji: siku gani yanatoka, tangi ni lita ngapi, na ni la nani.

Nenda kuitazama nyumba wakati wa mvua, masika au vuli. Kama ni kiangazi, tafuta mstari wa matope ukutani kwenye usawa wa goti, rangi mpya iliyoishia chini tu, au kizingiti cha zege kilichoongezwa mlangoni. Hakuna anayejenga kizingiti cha nusu mita kwa ajili ya urembo.

Ukishanunua

Kabla ya kutoa kipande cha mwisho cha fedha, nunua umeme wa elfu mbili kwenye mita ya nyumba hiyo. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa, na malimbikizo hubaki kwenye mita, si kwa mtu aliyehama. Uniti zikitoka pungufu hata baada ya kuhesabu kodi ya mwezi huo, kuna deni. Likatwe kwenye bei. Fanya vivyo hivyo kwa ankara ya maji ya DAWASA na kodi ya pango la ardhi: taka risiti ya mwaka huu, na kama kuna miaka iliyorukwa, muuzaji ailipe kwanza, kisha ndipo ubadilishe majina.